Mishono, Vinundu na Kasi: Kwa Nini Mpira Mmoja Huyumba na Mwingine Hunyooka

Robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay, Julai 2 mwaka 2010, inakumbukwa Afrika nzima kwa mkono wa Luis Suárez na penalti ya Asamoah Gyan iliyogonga mwamba. Uchungu ule umefunika jambo jingine la mchezo huo: mabao yote mawili ya dakika 120 yalifungwa kutoka mbali. Sulley Muntari alifyatua shuti la masafa katika muda wa nyongeza wa kipindi cha kwanza, Diego Forlán akasawazisha dakika ya 55 kwa faulo ya moja kwa moja. Uwanja ulikuwa Soccer City, Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpira ulikuwa Jabulani, ule rasmi wa mashindano hayo.

Makipa walishaulalamikia kabla ya mashindano kuanza, Júlio César wa Brazil na Iker Casillas wa Hispania wakiwa mstari wa mbele. Vijiweni maelezo yalikuwa mawili: ama mpira ni mwepesi, ama umerogwa. Wepesi tuuondoe mapema. Jabulani ilikuwa na gramu 440 hivi, na sheria ya soka inataka mpira wa saizi 5 uwe na gramu 410 hadi 450. Kilichobadilika kilikuwa ngozi. Mpira uliozoeleka tangu Telstar, ule wa Kombe la Dunia la 1970, ulikuwa na vipande 32, yaani 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano, vilivyoshonwa kwa uzi. Jabulani ilikuwa na vipande 8 tu, vilivyounganishwa kwa joto bila uzi. Mishono ya mpira wa vipande 32 ukiinyoosha yote inafika karibu mita 4. Ya Jabulani ilikuwa karibu mita 2, na kina chake kama nusu milimita.

Mtu angetarajia kwamba mpira laini zaidi unapita hewani kwa urahisi zaidi. Kinyume chake ndicho kweli kwa sehemu kubwa ya kasi za mchezo, na hapo ndipo wengi hupotea.

Mpira unapokwenda, kuna utando mwembamba sana wa hewa unaogusa ngozi yake na kuburutwa nayo. Utando huo ukiwa mtulivu, unachoka haraka: unafika karibu na mahali mpira ulipo mpana zaidi, unaishiwa nguvu na kubanduka. Nyuma ya mpira linabaki eneo pana la hewa ya vurugu yenye shinikizo dogo, na eneo hilo ndilo linalourudisha mpira nyuma. Utando ukivurugwa mapema na mshono, kinundu au kishimo, unajichanganya na hewa ya nje inayokwenda kasi, unapata nguvu mpya na kuendelea kushikilia ngozi hadi nyuma zaidi. Eneo la vurugu linakuwa jembamba na ukinzani unashuka. Gustave Eiffel, yuleyule wa mnara, aliuona mshuko huo mwaka 1912 alipopima matufe katika bomba lake la upepo mjini Paris. Miaka miwili baadaye Ludwig Prandtl, akiwa Göttingen, alifunga waya mwembamba kuzunguka tufe laini, na ukinzani ukapungua. Waya uliongeza ukwaruzo, lakini tufe likapita kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo kila mpira una kasi yake ya kizingiti. Chini ya kizingiti utando ni mtulivu na ukinzani ni mkubwa, na juu yake utando umevurugika na ukinzani ni mdogo. Kwa tufe lenye kipenyo cha mpira wa miguu, sentimita 22, likiwa laini kabisa, kizingiti kiko karibu kilomita 90 kwa saa. Mpira wa vipande 32 ulioshonwa unakivuka karibu na kilomita 50. Jabulani, kwa vipimo vya bomba la upepo vilivyofanywa na watafiti wa NASA, ilianza vituko vyake kwenye kilomita 70 hadi 80.

Namba hizo ziwekwe uwanjani. Faulo ya mita 25 inayoondoka mguuni kwa kilomita 90 kwa saa hupoteza karibu robo ya kasi yake njiani, hivyo inamfikia kipa ikiwa na kilomita 70 hivi. Ukitumia mpira wa vipande 32, shuti hilo halikaribii kizingiti hata mara moja. Linaanza juu yake na kuisha juu yake, na njia yake inatabirika. Ukitumia Jabulani, linavuka kizingiti likiwa mita chache mbele ya glovu. Ukinzani ambao ulikuwa karibu nyutoni 2 unapanda kuelekea 4, na 4 ni karibu sawa na uzito wa mpira wenyewe. Mpira unafanya kama dereva wa daladala aliyeliona tuta akiwa ameshalifikia. Kipa aliyekwisha kukadiria wapi utapita anaukuta mahali pengine, chini zaidi na kwa kuchelewa.

Hilo ndilo kosa halisi la Jabulani, na nadhani lawama nyingi ziliangukia pasipostahili. Ulaini peke yake usingeleta shida kama mchezo ungechezwa wote chini ya kilomita 60 au wote juu ya 100. Shida ni kwamba kizingiti kiliangukia katikati ya kasi za faulo na mashuti ya mbali.

Kuyumba kwenda kushoto na kulia kunatokana na hapohapo. Karibu na kizingiti, utando wa hewa hauamui kwa pamoja. Upande wenye mshono uliokaa vizuri dhidi ya hewa unavurugika, na upande wenye eneo pana lisilo na mshono unabaki mtulivu. Upande mmoja hewa inashika hadi nyuma, upande mwingine inabanduka mapema, na mpira unasukumwa kuelekea kule hewa inakoshika hadi nyuma. Mpira ukizunguka kwa kasi, pande zinapishana haraka mno na misukumo inafutana. Usipozunguka kabisa, unasukumwa upande mmoja tu na kupinda kidogo. Ukizunguka polepole sana, nusu mzunguko au mmoja kwa safari nzima, mishono inabadilisha mkao njiani na msukumo unageuka. Huo ndio mpira unaoonekana kwenda kulia, halafu kushoto.

Mwinuko wa uwanja unaongeza lake. Hewa ya Johannesburg ni nyepesi kuliko ya Durban kwa takriban asilimia 15, na kizingiti hupanda kwa kiasi hichohicho. Jabulani iliyoyumba kwenye kilomita 72 pwani ilihitaji zaidi ya 80 kule juu, hivyo hata mashuti makali zaidi yakanaswa. Wakati huohuo hewa nyepesi inapunguza ukinzani kwa jumla na kupunguza nguvu inayopindisha mpira unaozunguka. Krosi zinapitiliza, na mipira ya kuzungusha juu ya ukuta haishuki kwa wakati. Timu inayotoka Dar es Salaam kwenda kucheza Nairobi au Mbeya inakutana na tofauti ya ukubwa huohuo, na wapigaji wa faulo wangefanya vizuri kutenga nusu saa ya mazoezi ya mwisho kwa ajili ya hilo tu.

Waliofuata walijifunza. Brazuca ya 2014 ilikuwa na vipande 6, pungufu kuliko Jabulani, lakini vipande vyenyewe vilikatwa kwa mikunjo mirefu, mishono ikapita mita 3 kwa jumla na kina chake kikafika milimita 1.5 hivi. Ngozi nayo ilipewa vinundu vidogo. Kizingiti kikarudi karibu na kilomita 50, na mwaka ule kelele za makipa zilipungua sana. Kwa hiyo idadi ya vipande haisemi mengi. Trionda ya 2026 ina vipande 4 tu, na waliousanifu wakaweka mishono ya kina na kuchonga mifereji juu ya vipande ili kufidia. Muuzaji anayekusifia mpira kwa idadi ya vipande anakupa habari nusu. Muulize urefu na kina cha mishono, na asipojua pitisha ukucha uhisi mwenyewe.

Ila mtu asikimbilie kusema kwamba ukwaruzo zaidi ni bora zaidi. Ngozi yenye mikwaruzo mikubwa inashusha kizingiti, lakini ukishakivuka, ukinzani unaobaki ni mkubwa kuliko wa ngozi laini iliyovuka chake. Mpira wa chandimu uliosukwa kwa nailoni na kamba, ambao Kenya huitwa wa juala, uko mwisho wa mstari huo. Vifundo vya kamba vinavuruga hewa hata kwenye kasi ndogo, kwa hiyo hauna mtikisiko wa ghafla wa aina ya Jabulani. Ukiyumba ni kwa sababu si duara. Na haufiki mbali, kwa sababu ukinzani wake ni mkubwa wakati wote. (Marufuku ya mifuko ya plastiki, Kenya 2017 na Tanzania 2019, imewapunguzia mafundi wa mitaani malighafi, na vitambaa vilivyochukua nafasi vinanyonya maji.)

Mwisho wa pili wa mstari ni ule mpira wa plastiki wa dukani, mwembamba na unaong'aa. Huo una tabia ambayo wengi wameiona bila kuielewa: ukiukata uende kushoto, mara nyingine unakwenda kulia. Kwa kawaida mpira unaozunguka hupinda kufuata upande ambao ngozi inarudi nyuma pamoja na hewa, kwa sababu huko hewa inashikilia hadi mbali zaidi nyuma na mkondo mzima unageuzwa. Kwenye mpira laini ulio karibu na kizingiti chake, upande ule mwingine, unaokwenda kinyume na hewa, unakutana na kasi kubwa zaidi na kuvuka kizingiti peke yake. Sasa huko ndiko hewa inakoshika zaidi, na mpira unapinda kinyume. Mtoto anayejifunzia kupiga ndizi kwa mpira huo anajifunza kitu ambacho mpira wa ngozi utamkanushia, na ni afadhali ajifunzie kwenye mpira wa ngozi uliochakaa.

Gofu walishamaliza mjadala huu zamani. Mipira ya gataparcha, yaani utomvu wa mti uliokaushwa ukawa mgumu, ilipoingia mwaka 1848 ilikuwa laini, na wachezaji wakaona ile iliyokwisha kuchubuka inaruka vizuri kuliko mipya, wakaanza kuigonga kwa nyundo kabla ya kuitumia. Vishimo vikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mpira una vishimo kati ya 300 na 500, kila kimoja kina chake kama robo ya milimita, na mpira laini wenye ukubwa uleule ukipigwa sawasawa hufika karibu nusu tu ya umbali. Vishimo vilishinda vinundu kwa sababu vinashusha kizingiti bila kuongeza sana ukinzani wa baadaye. Kizingiti cha mpira wa gofu kiko kwenye kilomita 50 na kitu, ilhali unaondoka kwenye fimbo ya mchezaji wa kulipwa kwa zaidi ya 250, kwa hiyo karibu safari yote iko upande salama. Wana gofu hawahitaji kuogopa kizingiti, na ndiyo maana hawakijui.

Voliboli wako kinyume kabisa. Sevu ya kuelea, ile isiyozunguka, huondoka kwa kilomita 50 hadi 70, kwenye eneo la mtikisiko hasa, na mchezo mzima umejengwa ukikubali hivyo. Mpokeaji wa sevu anafundishwa kusogeza miguu mpaka mwisho na kutouamini mpira mpaka umguse mikono.

Kriketi inastahili kukaa nayo kidogo, maana ni mchezo pekee mkubwa ambao wachezaji wanaruhusiwa kuitengeneza ngozi ya mpira mchezo ukiendelea. Mpira una gramu 156 hadi 163, na mshono mmoja ulioinuka wenye safu sita za nyuzi. Mrushaji anauelekeza mshono pembeni kidogo, kwa pembe ya digrii 20 hivi kutoka kwenye mstari wa safari, na kuurusha mpira ukizunguka juu ya mshono wenyewe ili usipinduke. Upande wa mshono hewa inavurugika na kushika. Upande wa pili, uliosuguliwa ukang'aa kwenye suruali, hewa inabaki tulivu na kubanduka mapema. Mpira unapinda kuelekea kule mshono unakoelekea. Kazi hii inafanyika vizuri kwenye kilomita 110 hadi 130.

Ukipita kilomita 140 hivi mambo yanageuka. Hewa inavurugika pande zote mbili kabla ya kuufikia mshono, na mshono badala ya kusaidia unaunenepesha utando na kuudhoofisha, ukabanduka mapema upande huo. Mpira unapinda kinyume. Wapakistani, kuanzia Sarfraz Nawaz na Imran Khan hadi Wasim Akram na Waqar Younis, waliigeuza hali hiyo kuwa silaha kwa kuacha upande mmoja uchakae kabisa, kwa sababu uchakavu unashusha kasi inayohitajika hata mrushaji asiye na kilomita 145 aweze kuifikia. Kutoka hapo hadi udanganyifu ni hatua fupi. Machi 2018 mjini Cape Town, Cameron Bancroft wa Australia alinaswa na kamera akiwa na kipande cha msasa. Yeye akafungiwa miezi 9, nahodha Steve Smith na David Warner miezi 12 kila mmoja. Mate nayo, yaliyotumika miaka nenda rudi kung'arishia, yalizuiwa mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2022 katazo likafanywa la kudumu. Jasho bado linaruhusiwa.

Somo la kriketi kwa mtu wa soka ni moja: ngozi iliyochakaa upande mmoja ni mbaya kuliko iliyochakaa yote. Mpira ambao tabaka la juu limebanduka kwenye vipande viwili vitatu vilivyo jirani utapinda bila kuombwa. Unafaa kwa pasi fupi na mazoezi ya kumiliki, lakini usiwape makipa wala wapigaji wa faulo. Watajifunza tabia ya mpira mmoja mgonjwa.

Unaponunua, nenda na futikamba ya fundi cherehani. Mzunguko unatakiwa uwe sentimita 68 hadi 70. Pima mara tatu kwa njia tofauti, mojawapo ikipita juu ya valvu, na vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita 1 rudisha. Uvingirishe polepole kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Ukikata kona wenyewe, si duara au una uzito upande mmoja. Ukifika nyumbani uweke ndani ya ndoo ya maji, uuzungushe na kuuachia. Mipira mingi hutulia taratibu na upande wa valvu chini, maana valvu ina uzito, lakini ule unaogeuka kwa haraka na kwa nguvu una blada iliyokaa vibaya, na hewani utayumba hata ukipigwa ukizunguka. Alama ya FIFA Quality Pro ina maana kwamba mpira wa aina hiyo umepimwa pia unyonyaji wa maji, usiozidi asilimia 10 ya uzito wake. Alama huigizwa. Futikamba na ndoo haziigizwi.

Kusafisha: sifongo, maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida. Brashi ngumu na sabuni ya unga vinaondoa tabaka la juu, na ukwaruzo mdogo uliowekwa kiwandani unakwenda nalo. Matope yaliyokaukia kwenye mishono yaondoe kwa kijiti cha mti, kwa sababu mshono uliojaa tope hauvurugi hewa tena na mpira wa vipande 32 unaanza kufanya kazi kama mpira laini. Usiuache kwenye buti la gari juani. Mipira iliyogundishwa kwa joto huachia kingo za vipande, na ukingo mmoja ulioinuka unatosha kuvuta mpira upande.

Anayetaka shuti la kuyumba aanze kwa kuangalia mpira alionao. Kwenye mpira wa mishono ya kina, nguvu nyingi ni adui: kutoka mita 25 kasi ya kilomita 70 hadi 75 ndiyo inayofika golini ikiwa imekaribia kizingiti, na kasi ya 100 inafika imenyooka. Hatua nne au tano za kukimbilia zinatosha. Mguu wa kusimamia uwe sambamba na mpira, kifundo kikaze, mfupa wa juu ya mguu ugonge katikati kabisa, na mguu usimame mapema badala ya kuufuatisha mpira. Kosa la kawaida ni kugusa pembeni kwa sentimita moja au mbili, ambalo linauzungusha mpira na kuua mtikisiko wote. Kuhusu kuelekeza valvu kwako, valvu yenyewe haina kazi hewani. Faida yake ni kwamba mishono inakaa mkao uleule kila unapopiga, nawe unaweza kulinganisha.

Upepo wa ndani ya mpira nao upimwe, usikadiriwe kwa kidole gumba. Sheria inaruhusu psi 8.5 hadi 15.6, na mipira mingi imeandikiwa kiwango chake karibu na valvu. Lowesha sindano kabla ya kuiingiza, maana sindano kavu huchana valvu. Na mipira iliyojazwa Dar es Salaam ikapandishwa basi hadi Mbeya itapimwa ikiwa na karibu psi 2 zaidi bila mtu kuigusa, kwa kuwa hewa ya nje kule inasukuma kidogo. Pima tena mkifika, siku ya kwanza ya mazoezi, kabla wachezaji hawajaanza kulaumu viatu.